Shajara ya mradi: funguo za wodi, maziwa ya mtoto na uongozi wa inchaji mpya

Mahali ni wodi ya wazazi katika hospitali moja ya mjini, Tanzania. Wodi ina vitanda 28, leba (chumba cha kujifungulia) ya vitanda 4, wauguzi wakunga 14 pamoja na inchaji, yaani muuguzi kiongozi wa wodi, na wahudumu 4. Inchaji ameteuliwa wiki ileile aliyorudi kazini. Alichukua siku 84 za likizo ya uzazi, akaunganisha na siku 28 za likizo ya mwaka, na mtoto wake sasa ana miezi mitatu na nusu. Ni mkunga hodari, ila hajawahi kuongoza watu. Mradi ni wa wiki 24 na daftari hili linajazwa kila Ijumaa na timu ya ulezi, yaani sisi tunaomsaidia inchaji kujifunza kuongoza.

Lengo limeandikwa kwenye jalada: inchaji atoke kazini saa tisa na nusu alasiri, wodi isitetereke, na wauguzi waseme wanasikilizwa. Hayo matatu yanakwenda pamoja. Likikosekana moja, mengine mawili hayadumu.

Vifaa vilivyonunuliwa: kaunta buku moja, karatasi tano za A3 za rosta (ratiba ya zamu), kalamu za rangi tatu, saa ya ukutani, betri, kiboksi cha baridi cha lita 5 chenye vibarafu viwili, na vikombe sita vya plastiki ngumu vyenye mifuniko.

Wiki ya 1

Hakuna kilichobadilishwa. Kwa siku tano tuliandika kila baada ya dakika 15 inchaji anafanya nini. Picha ikajitokeza mapema: anauguza, haongozi. Muuguzi wa jioni asipotokea, inchaji anavaa glovu na kuingia yeye. Mara mbili wiki hii ametoka saa mbili usiku, na siku nyingine zote ametoka baada ya saa kumi na moja.

Watu wengi wanaita hiyo huruma, na nia yake kweli ni njema. Lakini tazama inavyofanya kazi: asiyekuja hajaulizwa kwa nini, waliokuja hawajui kesho itakuwaje, na mtoto nyumbani anasubiri. Mzigo haujapungua, umehama tu kwenda kwa mtu mmoja.

Jambo la pili ni funguo. Kitita kina funguo tisa, ukiwamo wa kabati la dawa zinazodhibitiwa, na kinakaa mfukoni mwake. Jumatano, kati ya saa mbili asubuhi na saa sita mchana, aliitwa mara 14 kwa ajili ya funguo tu. Kila akiitwa anaacha alichoshika.

Wiki ya 2

Tumeanza na maziwa. Wapo waliotegemea tungeanza na semina ya uongozi. Sababu ni hii: matiti yasipotolewa maziwa, mwili unapunguza kutengeneza. Kabla hayajapungua yanajaa, yanauma, na yakiachwa yanaweza kuleta uvimbe na homa. Mama aliyekaa saa saba bila kukamua hana subira ya kumsikiliza mtu, na si kosa la tabia yake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Kifungu hicho kinatoa muda, hakitaji chumba. Kenya wameandika chumba cha kunyonyeshea kwenye Sheria ya Afya ya 2017. Hapa tumetumia stoo ya shuka: kiti chenye egemeo, komeo la ndani, sabuni na ndoo ya maji yenye bomba.

Ratiba yake sasa: ananyonyesha kabla ya kutoka nyumbani, anakamua saa nne asubuhi, anakamua tena saa saba mchana, na anafika nyumbani kunyonyesha saa kumi. Kila mkamuo ni dakika 20. Vikombe vinachemshwa nyumbani usiku. Ananawa mikono, anaweka kidole gumba juu ya eneo jeusi na vidole vingine chini yake, anasukuma nyuma kuelekea kifuani, ndipo anaminya. Ukivuta vidole juu ya ngozi inachubuka na maziwa hayatoki vizuri.

Kosa la siku ya kwanza: kikombe kiliachwa mezani hadi saa tisa na nusu. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa kwa muda usiozidi saa nne kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, na stoo ile inapita hapo kufika adhuhuri. Sasa kikombe kinaingia kwenye kiboksi papo hapo. Vibarafu vikiwa vimeganda vizuri, maziwa yanakaa humo hadi saa 24. Dada wa nyumbani anayapasha kwa kuweka kikombe kwenye maji ya uvuguvugu, si juu ya jiko, na anamnywesha mtoto kwa kikombe kidogo.

Faida ya pili ilikuwa imejificha. Kwa dakika 20, mara mbili kwa siku, funguo lazima ziwe kwa mtu mwingine. Zoezi la kwanza la kukasimu madaraka limepatikana bila semina. Msaidizi wa inchaji anasaini kwenye kaunta buku saa aliyopokea, idadi ya ampuli zilizomo kwenye kabati la dawa zinazodhibitiwa, na saa aliyorudisha. Siku mbili za kwanza inchaji alifungua mlango wa stoo kuuliza kama kila kitu kiko sawa. Siku ya tatu hakufungua.

Wiki ya 3

Funguo zimegawanywa. Tatu (stoo, jokofu, vifaa vya usafi) zimetundikwa nyuma ya meza ya wauguzi. Sita zimebaki kwa anayeongoza zamu. Ijumaa inchaji ameitwa kwa ajili ya funguo mara mbili.

Wiki ya 4 na ya 5: rosta

Hapa ndipo wodi nyingi huvunjika, kwa hiyo tunaandika kwa kirefu.

Zamu ni tatu. Asubuhi ni saa moja na nusu hadi saa nane mchana, watu 4. Jioni ni saa nane hadi saa mbili usiku, watu 3. Usiku ni saa mbili hadi saa moja na nusu asubuhi, watu 2. Hao ni watu 9 kwa siku, sawa na zamu 63 kwa wiki. Kati ya wauguzi 14, inchaji yuko asubuhi Jumatatu hadi Ijumaa nje ya hesabu hiyo, na daima kuna mmoja likizo. Wanabaki 12. Kila mmoja akifanya zamu 5 zinapatikana 60. Pengo ni zamu 3 kila wiki, hata kama hakuna aliyeumwa.

Miaka yote pengo hilo limezibwa kwa simu ya Jumapili asubuhi: "Dada, njoo tu, hatuna mtu." Anayepokea simu ndiye anayeumia, na asiyepokea anaonekana mjanja. Tulikaa na inchaji tukapiga hesabu. Zamu 3 kwa wiki ni zamu 12 kwa wiki nne, na wauguzi ni 12. Kila mmoja akichukua zamu moja ya sita, mara moja katika wiki nne, pengo limezibwa. Wiki ya zamu tano za asubuhi ni saa 32 na nusu. Ya sita inaifikisha saa 39, bado chini ya kikomo cha saa 45 kwa wiki. Sharti ni kwamba zamu ya sita isiangukie wiki ya usiku. Kwenye rosta imeandikwa kwa kalamu nyekundu, na kila mtu anaiona mwezi mzima kabla.

Kosa moja la zamani limeondolewa: kutoka jioni na kuingia asubuhi inayofuata. Kati ya saa mbili usiku na saa moja na nusu asubuhi kuna saa 11 na nusu, wakati sheria inataka saa 12 za mapumziko mfululizo. Ilikuwa inatokea kila wiki, na waliofanya hivyo ndio walioongoza kwa kuchelewa.

Kisha ikaja hoja ya usiku. Wapo wauguzi wawili wanaonyonyesha, mmoja mtoto ana miezi 5, mwingine 8. Sheria inamkinga mama na zamu za usiku miezi miwili kabla ya kujifungua na miezi miwili baada yake, labda cheti cha daktari kiongeze. Likizo yenyewe ni wiki 12. Maana yake mara nyingi kinga inakwisha kabla mama hajarudi kazini! Akirudi, kisheria anaweza kupangiwa usiku siku hiyohiyo. Kumwondoa kwenye usiku ni uamuzi wa wodi, na uamuzi wa wodi usipoandikwa unageuka upendeleo.

Ugumu zaidi ni kwamba inchaji mwenyewe hafanyi usiku kwa nafasi yake, na ananyonyesha. Chochote atakachoamua hapo kitaonekana cha upande wake. Tulimshauri asiamue. Alete hesabu mezani. Alibandika A3 kwenye chumba cha chai: usiku una zamu 56 katika wiki nne. Zikigawanywa kwa watu 12, kila mmoja anapata 4.7. Zikigawanywa kwa 10, kila mmoja anapata 5.6. Tofauti haifiki usiku mmoja kwa mtu kwa wiki nne. Kabla ya hapo manung'uniko yalikuwa "sisi tutakufa na usiku". Baada ya kuona namba, muuguzi asiye na mtoto mdogo aliuliza swali la haki kabisa: sisi tunapata nini? Wakakubaliana kwamba wanaonyonyesha wanachukua asubuhi za Jumapili na jioni za sikukuu, na msamaha unakoma mtoto akitimiza mwaka mmoja. Imeandikwa, imesainiwa na wote 14, ipo ukutani.

Tulichojifunza kwa ajili ya wodi nyingine ni kupeleka hesabu kabla ya ombi. Ukianza na "tuwaonee huruma wenzetu", aliyechoka anasikia kwamba yeye haonewi huruma.

Wiki ya 7: ripoti ya zamu

Ripoti ya asubuhi ilikuwa inachukua dakika 40, watu wamesimama mezani, mmoja anasoma daftari kitanda kwa kitanda. Imehamishiwa kwenye vitanda. Wanaanza na walio hatarini: mwenye presha, aliyepoteza damu nyingi, aliyefanyiwa upasuaji usiku, mwenye mtoto njiti, na aliyejifungua ndani ya saa mbili zilizopita, maana huyo anakaguliwa kila dakika 15. Kila mmoja anaelezwa kwa mambo manne: hali yake sasa, historia fupi, anayekabidhi anaonaje, na nini kifanyike. Wengine wanapitiwa kwa sentensi moja. Imeshuka hadi dakika 22.

Inchaji anatakiwa asiongee hadi mwisho. Hili limemshinda mara tatu wiki hii. Akidakia, muuguzi anayekabidhi anageuka kumwangalia yeye badala ya anayepokea, na taarifa inapotea njiani. Tumempa kazi ya kushika saa.

Wiki ya 9 na ya 10: mazungumzo mawili

La kwanza ni kijana wa kiume, amechelewa mara nne katika siku kumi. Utaratibu: pembeni, mmekaa wote, dakika zisizozidi 15, namba kwanza, swali moja, kisha kimya. "Mdogo wangu, umeingia saa mbili na robo mara nne tangu tarehe moja. Kuna nini?" Baada ya swali hilo inchaji anahesabu hadi kumi moyoni. Akili yake yote ilitaka kujibu kwa niaba ya kijana, lakini alinyamaza. Ikatoka: mke amejifungua, na yeye ndiye anayempeleka mtoto mkubwa shule. Siku tatu za likizo ya baba zilikwisha zamani. Suluhu ni zamu za jioni kwa wiki sita, kwa kubadilishana na mwenzake aliyetaka asubuhi. Imeandikwa kwenye rosta kwa majina yote mawili, na tarehe ya mwisho ipo.

La pili ni zito zaidi. Mkunga wa miaka 54 amejaza patografu (chati ya kufuatilia uchungu wa mama na hali ya mtoto) mwisho wa zamu, kurasa tatu kwa kalamu moja na mwandiko usiopumua. Mapigo ya moyo ya mtoto yanatakiwa kusikilizwa na kuandikwa kila nusu saa. Pale namba zinafanana mno. Inchaji ana miaka 33. Anamwogopa, na wodi nzima inajua.

Heshima haikuondolewa, imewekwa mwanzoni. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Wakaingia stoo ya shuka. Inchaji akaweka patografu ya kitanda cha pili mezani, akaelekeza kidole kwenye saa nne hadi saa saba, akauliza kilichotokea. Jibu la kwanza lilikuwa lilelile linalotarajiwa: "Mwanangu, mimi nilianza kuzalisha hujazaliwa." Hapa ndipo viongozi vijana huteleza. Ama wanarudi nyuma na kuomba radhi, ama wanapandisha sauti kuonyesha cheo. Tulikuwa tumefanyia mazoezi sentensi moja tu: "Ni kweli mama, na ndiyo maana nataka kujua kilichokuzuia." Kidole hakikuondoka kwenye karatasi.

Kilichomzuia ni hiki: wajawazito sita wenye uchungu, wakunga wawili, mashine ya presha imekufa betri, na saa ya leba imesimama tangu mwezi uliopita. Alikuwa anasikiliza mapigo ila haandiki, kisha anakumbuka. Kujaza kwa kumbukumbu ni kosa, na limeandikwa hivyo kwenye kumbukumbu za kikao. Saa na betri ni kosa la wodi, nalo limeandikwa. Saa mpya imetundikwa siku hiyohiyo. Kengele ndogo ya jikoni inalia leba kila dakika 30. Mkunga huyo amepewa kazi ya kukagua patografu za wakunga wapya kila mwisho wa zamu, dakika kumi. Si zawadi. Ni kwamba hakuna wodini anayesoma patografu haraka kuliko yeye.

Wiki ya 13

Mtoto wa inchaji ameshikwa homa. Inchaji hakuja siku tatu, na hakupiga simu zaidi ya moja kwa siku. Rosta ilishika, ripoti zilifanyika, funguo zilisainiwa.

Kilichoanguka ni ombi la glovu na uzi wa kushonea, ambalo hutoka Jumanne. Msaidizi hakujua fomu inakaa wapi wala nani anaisaini. Kufika Alhamisi wodi ilikuwa inaazima glovu wodi ya watoto. Kwa hiyo tumefanya zoezi ambalo lilipaswa kuwa la wiki ya 3: kuorodhesha kila kitu kinachojulikana na inchaji peke yake. Yametoka mambo saba. Matano yameandikwa ukurasa mmoja nyuma ya mlango wa stoo. Mawili yanahitaji barua ya matroni (mkuu wa wauguzi wa hospitali) ili msaidizi aweze kusaini.

Wiki ya 17: kwenda juu

Pengo la zamu 3 linazibwa kwa jasho la wauguzi, na hilo lisizoeleke. Inchaji ameomba nafasi kwenye kikao cha menejimenti. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa kurasa nne na ilianza na pole nyingi. Imebaki nusu ukurasa: 63 zinazohitajika, 60 zilizopo, 12 za ziada kwa wiki nne, na ombi moja la muuguzi wa kusaidia siku mbili kwa wiki kutoka kitengo chenye nafuu. Alisimama, alisoma, alikaa. Alipoulizwa kwa nini asipunguze msamaha wa usiku kwa wanaonyonyesha, alijibu kwamba msamaha wao hauongezi wala hauondoi hata zamu moja kati ya 63. Ni kweli kihesabu, na ndiyo sababu tunasisitiza hesabu. Amepewa siku mbili kwa wiki kwa miezi mitatu. Barua ipo kwenye faili.

Wiki ya 19

Ametoka saa tisa na nusu siku nne kati ya tano. Siku ya tano kulikuwa na mama aliyetoka damu nyingi baada ya kujifungua, na akabaki. Hilo halihesabiwi kama kushindwa, kubaki huko ndiko kazi yake.

Ripoti ya zamu ni dakika 20. Sasa inchaji ananyamaza.

Wiki ya 22

Msaidizi wa inchaji ameleta taarifa ya ujauzito kwa maandishi, miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua kama sheria inavyotaka. Alimwambia inchaji kabla ya kumwambia mtu mwingine wodini, mlangoni mwa stoo ya shuka.

Rosta mpya imechorwa jioni hiyohiyo. Muuguzi ambaye mtoto wake ametimiza mwaka amerudi usiku, kwa makubaliano yaliyo ukutani. Msaidizi atatoka usiku mwezi ujao. Wanaofanya usiku wanabaki 10, na wastani unabaki 5.6. Shida itakuwa mchana: akienda likizo, wauguzi 11 kwa zamu 5 ni 55, pengo 8, na hata siku mbili za msaada zikiendelea ni 6. Hizo ni zamu 24 za ziada kwa wiki nne, zaidi ya mbili kwa kila mtu. Haiwezekani kuibeba kimya kwa siku 84. Inchaji ameandika barua ya pili kwa matroni leo, aya mbili, akiomba siku nne za msaada badala ya mbili.

Kaunta buku ina safu mpya. Kuanzia Jumatatu, saa nne asubuhi, funguo zinakabidhiwa kwa mkunga wa miaka 54, ili msaidizi akiondoka asiwepo wa kufundishwa upya. Jina lake limekwisha kuandikwa kwenye mstari wa kwanza, na nafasi ya saini bado iko wazi.